Gari inazunguka bila kwenda: tutafute ugonjwa mbele ya kununua dawa



Katika gazeti letu tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Safari hii tunaongea juu ya gari. Musishangae. Mashu yaliyolimwa vizuri Masisi ao Kibumba yakioza njiani mbele ya kufika soko la Goma, jasho la msimu mzima limeenda na matope. Na kila msimu wa mvua komite za koperative zinatuletea ulizo lilelile: "Gari yetu inazunguka tu, haipandi mlima. Tununue mipira mipya?"

Jibu letu ni: bado. Shamba la viazi likigeuka manjano, hamukimbilii dawa ya kwanza munayoona sokoni. Munang'oa shina moja, munatazama mizizi, munageuza majani, munauliza mvua ilikuwa namna gani. Gari vilevile. Ina dalili zake, na dalili moja inaweza kutoka kwa magonjwa mengi.

Tuwaeleze kwanza yaliyotupata sisi wenyewe.

Siku tuliyolala njiani

Mwaka jana, mwezi wa 11, tulipanda gari ya koperative moja ya wakulima na wafugaji, kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake na Goma. Ilikuwa Land Cruiser ya wazi nyuma. Ilibeba bidon 12 za maziwa, kila moja litre 20, na mifuko ya mashu juu yake. Mvua ilinyesha usiku kucha.

Kwenye kilima kimoja cha udongo mwekundu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Shofere akatia 4x4, akakanyaga. Matope yakaruka mpaka usoni mwetu. Akakanyaga zaidi. Gari ikazama mpaka ponti ikagusa chini. Tulisukuma. Tulikata matawi. Tuliita vijana wa kijiji. Saa moja, mbili, tatu. Harufu ya kitu kinachoungua ikaanza kutoka chini ya gari.

Kila mtu alikuwa na maoni yake. "Gari imezeeka." "Muzigo ni mingi." Shofere naye: "Niliambiaka komite, hii gari inaomba mapine ya mupya." Na sisi waagronomu, tunakubali kosa, tulisema vilevile: ni mipira. Jioni maziwa yalikuwa yameganda. Litre 240. Maziwa mabichi hayavumilii siku nzima kwenye jua bila baridi, hilo munalijua kutushinda.

Asubuhi yake mekanisiye mmoja alifika na moto. Hakufungua hata mfuko wa funguo zake. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, akatazama kile kifuniko kidogo cha katikati, akakizungusha kwa mkono. Akaenda upande wa pili, akafanya vilevile. "Washa sasa, kanyaga pole pole." Gari ikatoka.

Magurudumu ya mbele hayakuwa yameunganishwa. Shofere alitia 4x4 ndani, lakini nje, kwenye gurudumu lenyewe, kifuniko kilikuwa kimebaki kwenye FREE. Kwa hiyo gari ilivutwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Sisi wote tulitazama nyuma, kwa sababu ndiko matope yalikoruka. Ugonjwa ulikuwa mbele, na hakuna aliyeenda kuangalia.

Mipira ya gari ile ilikuwa bado na meno mazuri. Lakini anbreyaje ilikuwa imeungua kwa kulazimishwa, na wiki mbili baadaye ilibidi ibadilishwe. Koperative ikalipa mara mbili: maziwa, kisha anbreyaje. Na nusura ilipe mara ya tatu kwa mipira ambayo haikuwa na kosa.

Ulizo la kwanza: gurudumu linazunguka ao hapana?

Gari ikishindwa kwenda wakati moteri inafanya kazi, mtu mmoja ashuke. Asimame pembeni, mbali kidogo, asiingie chini ya gari wala asisimame nyuma yake. Shofere atie vitesi vya kwanza, aachilie anbreyaje pole pole. Yule aliye nje aseme anachoona. Kuna majibu matatu tu:

1. Moteri inalia lakini hakuna gurudumu linalozunguka. Nguvu inapotea njiani, kati ya moteri na gurudumu. Mipira haihusiki.

2. Magurudumu yote yanayopaswa kuvuta yanazunguka, lakini gari haisogei. Nguvu inafika. Kinachokosa ni kushika chini.

3. Gurudumu moja tu linazunguka, mengine yamesimama. Hapo ni mambo ya diferansiyele, ao 4x4 haijaingia, ao mzigo umelala upande mmoja.

Jaribio hili linachukua dakika moja na halilipwi. Tungelifanya siku ile, maziwa yangefika.

Jibu la 1: nguvu inapotea njiani

Nguvu ya moteri inapita kwenye anbreyaje, inaingia bwate ya vitesi, inafuata kardani (ule mti mrefu wa chuma chini ya gari), inafika kwenye ponti, na ndani ya ponti inafuata shafti mbili mpaka kwenye magurudumu. Mahali pamoja pakikatika, nguvu haifiki.

Mgonjwa wa kwanza ni anbreyaje. Dalili zake: kwenye mlima moteri inapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, kuna harufu kali ya kuungua, pedali inashikia juu kabisa. Munaweza kuipima hivi. Wekeni gari mahali pa tambarare, ziba magurudumu kwa mawe makubwa, vuta freni ya mkono. Hakikisheni hakuna mtu mbele wala nyuma. Shofere atie vitesi vya 4, akanyage mafuta kidogo, aachilie pedali ya anbreyaje pole pole. Moteri ikizimika, anbreyaje bado inashika. Ikiendelea kulia kama kwamba hakuna kitu, anbreyaje inateleza. Fanyeni mara moja tu, musirudie, kwa sababu jaribio lenyewe linaichosha.

Anbreyaje ikiteleza, haina maana lazima muinunue mpya. Mekanisiye aangalie kwanza kama pedali ina nafasi kidogo ya kucheza mbele ya kuanza kusukuma. Kama hakuna nafasi, pengine imekazwa kupita kiasi, na kuirekebisha kunatosha. Aangalie tena kama mafuta ya moteri yanavuja na kuilowesha. Mukiweka diski mpya bila kuziba mahali mafuta yanapotokea, diski mpya itakufa vilevile.

Mgonjwa wa pili ni shafti ya ponti iliyokatika. Hii inatokea sana kwa gari iliyobeba kupita kiasi, ambayo shofere ameachilia anbreyaje kwa ghafla wakati gurudumu limeshikwa na jiwe. Dalili: ukiwa pembeni, unaona kardani inazunguka chini ya gari lakini hakuna gurudumu linalosogea. Kama ni 4x4, inawezekana kutumia magurudumu ya mbele kujivuta pole pole mpaka kwenye usalama. Lakini kwenye ponti za aina fulani shafti ndiyo inayoshikilia gurudumu, na ikikatika gurudumu linaweza kutoka. Kwa hiyo musiendeshe mbele mekanisiye hajatazama.

Jibu la 2: magurudumu yanazunguka lakini hayashiki

Hapa kuna mambo manne: udongo, mpira, pumzi ya mpira, na mzigo. Tuyachukue moja moja.

Udongo. Hapa ninyi wakulima muko mabwana kuliko shofere. Kutoka Goma mpaka Sake gari inapita juu ya mawe ya volkano. Mawe yale yanapitisha maji haraka, matope ni kidogo, lakini yanakata mipira kwa ubavu, na changarawe yake inateleza kwenye mteremko. Ukiisha kuacha Sake na kupanda Masisi, unakuta udongo mwekundu wa kunata. Ni adui mwingine kabisa.

Kupima udongo wa njia, fanyeni kama munavyopima shamba. Chukua udongo wenye unyevu, uviringishe katikati ya viganja. Ukifanya kamba nyembamba kama kalamu bila kukatika, ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa, unateleza kama sabuni na kujaza meno ya mpira. Mpira wa mtaro mzuri unageuka laini kama yai. Ukivunjika vunjika mkononi, una mchanga ao majivu ya volkano. Gari inaweza kuchimba shimo, lakini maji yakitoka kidogo njia inapona haraka.

Faida ya kujua ni hii: kwenye udongo wa mfinyanzi, kungoja kunasaidia. Jua la masaa machache linakausha ngozi ya juu. Barieri za mvua, zile zinazofunga njia kwa gari kubwa mvua ikinyesha, watu wanazichukia, lakini sababu yake ni hiyo. Gari moja nzito ikipita kwenye mfinyanzi uliolowa, inaacha mitaro miwili ambayo itashika maji na kukwamisha gari 20 zitakazofuata.

Mpira. Tazameni meno yake, si ya mpira mmoja tu, yote. Sheria za nchi za Ulaya zinakataza gari ndogo kutembea na mpira uliobakiza meno chini ya milimita 1.6. Lakini kipimo kile ni cha njia ya lami. Kwa matope yetu, mpira uliofika milimita 3 ao 4 umeisha kuwa dhaifu. Tazameni pia kama mpira wa kushoto na wa kulia ni wa ukubwa mmoja. Mpira mpya upande mmoja na mzee upande wa pili unachosha diferansiyele. Kama koperative ina pesa ya mipira miwili tu, inunue miwili ya ponti moja, isigawe mmoja mbele mmoja nyuma.

Pumzi. Mpira uliojaa pumzi sana unagusa chini kwa sehemu ndogo. Ukipunguza pumzi, unalala na kushika sehemu kubwa zaidi. Kwa pikapu ama jipu ambayo mipira yake ina kilo 3, kuteremsha mpaka kilo 2 kwa kupita mahali pa matope kunaweza kutosha kuitoa. Lakini kuna masharti. Fanyeni vile kwenye matope tu, si juu ya mawe ya volkano, kwa sababu mpira uliolegea unakatwa ubavu upesi. Tembeeni pole pole. Mukifika njia ngumu, jazeni tena. Pompe ya mguu inatosha, inahitaji subira tu. Na kwa Fuso ao kamyo yenye magurudumu pacha nyuma, musipunguze hata kidogo ikiwa na mzigo: mipira miwili itasuguana, itapata moto na kupasuka.

Mzigo. Gurudumu linashika chini kwa sababu ya uzito ulio juu yake. Ndiyo maana Fuso tupu inateleza kwenye kilima ambacho Fuso yenye mzigo wa kadiri inapanda: magurudumu yake ya nyuma, ambayo ndiyo yanavuta, hayana uzito. Lakini uzito ukipita kiasi, gurudumu linazama. Kati ya hayo mawili ndipo kipimo kilipo, na kipimo kile kimeandikwa kwenye karatasi za gari.

Mahali pa mzigo pia panahesabika. Kwenye pikapu ya 4x4, mukiweka mifuko mizito mwisho kabisa, nyuma ya ponti, pua ya gari inainuka na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Kwenye mlima, ndiyo yatateleza ya kwanza. Bidon za maziwa na mifuko ya viazi iwekwe mbele, karibu na kabini. Mashu na vitu vyepesi nyuma. Na mzigo ufungwe kwa kamba. Mzigo uliohamia upande mmoja unainua gurudumu la upande mwingine.

Jambo la tano dogo: amotiseri. Juu ya mawe ya Goma, gari yenye amotiseri zilizokufa inarukaruka, na gurudumu lililo hewani halivuti gari. Sukuma kona ya gari chini kwa nguvu kisha achilia. Ikicheza zaidi ya mara moja ao mbili, amotiseri imechoka.

Jibu la 3: gurudumu moja tu linazunguka

Ndani ya ponti, katika kile kichwa kinene cha chuma, kuna diferansiyele. Inaruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Bila hiyo, mipira ingeisha haraka na gari ingekataa kona. Lakini ina udhaifu wake: inapeleka msukumo sawa pande zote mbili. Gurudumu moja likiwa kwenye matope na kuteleza kwa msukumo mdogo, lile lingine lililo juu ya udongo mgumu linapata msukumo mdogo uleule, usiotosha kusogeza gari. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti mabegani. Mmoja akilegea, wa pili hata awe na nguvu ya nyati, mzigo hauinuki.

Kwa hiyo, gurudumu moja likizunguka, kuongeza mafuta hakusaidii. Mfanye gurudumu lile lipate kitu cha kushika: mawe, matawi, mfuko mzee chini yake. Kama gari ina bloki ya diferansiyele, itieni sasa, gari ikiwa imesimama, na muitoe mukifika njia ngumu. Kwenye pikapu ambazo freni ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, shofere anaweza kuivuta kidogo tu huku akikanyaga pole pole. Gurudumu linaloteleza linapata uzito wa kusukuma, na la pili linapata sehemu yake. Lakini gari nyingi za mzigo, kama Fuso, freni ya mkono inashika kardani, si magurudumu. Huko mbinu hii haifanyi kazi, itaharibu freni tu.

Kisha 4x4. Land Cruiser nyingi za kazi zina vifuniko vya kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele. Kimeandikwa FREE na LOCK. FREE ni kuachilia, LOCK ni kufunga. Kutia 4x4 ndani ya kabini bila kufunga vyote viwili nje ni kazi bure. Ushauri wetu ni rahisi: mwanzoni mwa msimu wa mvua, vifunge LOCK na viache hivyo kila munapoelekea milimani. Havidhuru gari, muradi levye ya 4x4 ndani imetolewa mukiwa kwenye njia kavu na ngumu. Kutembea na 4x4 yenyewe kwenye lami kunakaza vyuma vya ndani na kuviharibu.

Gari ikiisha kukwama

Jambo la kwanza ni kuacha kukanyaga. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja ni jembe. Kila mzunguko unachimba. Sekunde tano za hasira zinaongeza saa moja ya kuchimba. Kisha fuateni mpango huu:

Kwanza, shusheni abiria wote, na mzigo mkiweza. Mifuko 20 ikishuka, gari inaweza kutoka yenyewe.

Pili, nyoosheni magurudumu ya mbele. Gurudumu lililopinda linasukuma matope kama ukuta.

Tatu, chimbeni mbele ya kila gurudumu mteremko mdogo wa kutokea, na mutoe matope chini ya ponti. Ponti ikikaa chini, magurudumu hayana tena uzito, hata yakiwa na mipira mipya.

Nne, jazeni mawe ao matawi mbele ya magurudumu yanayovuta, si nyuma ya yale yasiyovuta. Matawi ya mikaratusi yanafaa, lakini muombe mwenye msitu kwanza.

Tano, vitesi vya kwanza ama vya pili, mafuta kidogo, anbreyaje iachiliwe pole. Ikigoma, rudisheni nyuma kwenye njia yake yenyewe na mujaribu tena. Mara tatu zikishindikana, chimbeni zaidi, musilazimishe.

Minyororo ya kufunga kwenye magurudumu inasaidia sana kwenye mfinyanzi. Inapaswa kufungwa chini ya kilima, mbele ya kukwama. Kuifunga gari ikiwa imezama ni taabu kubwa.

Maisha ya watu yanapita mzigo

Hapa tunaomba musome pole pole.

Gari inayopanda mlima isisukumwe na watu walio nyuma yake moja kwa moja. Ikirudi, hakuna nafasi ya kukimbia. Wasukume kwa pembeni, na mtu mmoja awe tayari na kabari ya mbao nzito ya kutia nyuma ya gurudumu kila gari inaposimama. Kabari ile iwe na kamba ao mti mrefu, ili asiingize mkono chini ya mpira.

Kamba ya kuvuta ifungwe kwenye shasi ao kwenye ndoano, si kwenye pare-shoki. Ikikazwa, kila mtu asogee mbali kupita urefu wa kamba yenyewe, watoto kwanza. Kamba ikikatika inapiga kama fimbo ya chuma.

Na kwa sisi wa Kivu ya Kaskazini kuna jambo lingine. Mahali ambako vita vilipita, musiingie porini wala kuchimba mawe kando ya njia bila kuuliza wakaaji wa pale. Mukiona chuma musichokijua, musikiguse, musikipige teke, musikitupe. Wekeni alama kwa mbali, rudini kwa njia muliyokuja nayo, na mujulishe viongozi. Mzigo wa mashu haulingani na mguu wa mtu.

Kazi ya komite

Gari ni mali ya wanamemba wote, si ya shofere na prezida peke yao. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Wekeni kaye ndani ya gari. Kila mara gari inapokwama, shofere aandike: tarehe, mahali, mzigo kiasi gani, mvua ilikuwaje, na magurudumu gani yalizunguka. Baada ya miezi miwili kaye ile itaongea. Gari ikikwama mahali palepale kila mara, ugonjwa uko kwenye njia. Ikikwama popote, ugonjwa uko kwenye gari. Ikikwama kila siku ya soko, ugonjwa uko kwenye mzigo.

Shofere akileta faktire, musimdhanie mwizi. Lakini muulize: tulijaribu nini? Gurudumu gani lilizunguka? Tazameni kipande cha zamani kwa macho yenu mbele ya kukitupa.

Na gari iwe na vyombo vyake: jembe, koleo, kamba ngumu, kabari mbili, kriki na ubao mpana wa kuweka chini yake isizame, pompe, na mapanga mawili. Vyote pamoja havifiki bei ya mpira mmoja mpya.

Maji yaleyale

Tumalize kwa lile tunalolijua vizuri zaidi. Maji yanayoondoa udongo mzuri kwenye shamba la mteremko ndiyo yaleyale yanayoharibu njia chini yake. Shamba lisilo na mitaro ya kukinga maji linamwaga mto barabarani. Siku ya salongo, kabla ya kujaza mashimo kwa mawe, tafuteni maji yanaingia wapi. Chimbeni mfereji wa kuyatoa pembeni, na muyapeleke mahali yasipoharibu shamba la jirani. Shimo lililojazwa bila kutoa maji litafunguka tena mvua ya kwanza.

Koperative ile ya maziwa ilifanya hivyo kwenye kilima kile kile. Siku mbili za salongo, mifereji mitatu, na mitaro ya matete kwenye mashamba ya juu. Mwezi wa 4, mvua ikiwa nyingi, tulipita tena pale na bidon zetu. Gari iliteleza kidogo. Shofere akasimama, akashuka, akaenda kwanza mbele kutazama vifuniko viwili. Vilikuwa LOCK. Akapanda, akakanyaga pole pole, tukapita.